Mfuko wa Nyuma

Chupa aliukwepa mtaa wa gatini kwa makusudi. Huko ndiko lilikokuwa duka la dobi lenye mlango wa bluu, na miaka mitatu iliyopita alitoka kwenye mlango ule moyo wake umevunjika vipande. Basi mashindano ya baiskeli yaliporudi kisiwani kwa siku moja ya mapumziko, alibeba mfuko wake wa nguo zilizolowa jasho, akapandisha hadi nyuma ya soko, ambako aliambiwa kuna dobi mwingine.

Duka lilikuwa limefurika. Wapanda baiskeli wa timu ndogo ndogo, zile zisizo na mfuaji wao, walibanana mbele ya kaunta wakinuka dawa ya misuli. Chupa alingoja zamu yake akiwa ameinamia simu. Alipoinua uso akamwona yule dobi wa mlango wa bluu. Gauni la kijani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, penseli imechomekwa kwenye nywele vilevile kama zamani.

"Weka nguo hapa," dobi alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wote. Lakini penseli ilimwanguka alipoichomoa, na aliinama kuiokota kwa muda mrefu kuliko penseli inavyostahili.

Huyu Chupa hakuwahi kushinda mashindano yoyote. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kazi yake ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji kifuani na mgongoni, kisha kukimbizana na upepo ampelekee nahodha. Alikuwa hodari wa kubebea watu wengine mizigo. Ya kwake mwenyewe ilimshinda kusema. Kwa miaka minne mashindano yalipopita hapa alimletea binti huyu mashati na suruali zake za kawaida, na mwaka mzima walipigiana simu kila Jumapili, wakataniana hadi mama wa binti akauliza kama huyo kijana anakula au anaongea tu. Kisha mwaka wa nne alichukua nguo zake, akaondoka, simu zikakoma. Miaka miwili iliyofuata mashindano yalipita njia nyingine.

Duka lilipoanza kupungua watu, dobi aliieneza jezi yake mezani, akaigeuza, akatia vidole katika mifuko mitatu ya mgongoni, mmoja baada ya mwingine.

"Unapekua hadi mifuko ya nyuma," Chupa alisema.

"Tangu niharibu namba yako."

"Namba gani?"

Dobi akamweleza bila kumtazama. Mama yake, marehemu sasa, alimfundisha kupekua kila mfuko, lakini ni mifuko ya mashati na suruali, iliyo mbele na ubavuni. Mwaka ule ndio mara ya kwanza Chupa kumletea jezi ya mashindano, na yeye hakujua kwamba jezi hizo mifuko yake iko mgongoni. Alipoitoa mashineni alikuta karatasi imekuwa uji mweupe. Alijua jinsi namba za mashindano zinavyobanwa kwa pini mgongoni, akaamini ameifua namba ya Chupa, na kwamba atazuiwa kuendelea. Akaona aibu. Chupa alipokuja kuchukua nguo, alimkabidhi kifurushi huku ameinamisha kichwa, asiweze hata kumsalimia. Siku tatu nzima alikaa karibu na redio akisikiliza kama mpanda baiskeli namba arobaini na moja ameondolewa.

"Nikasikia umemaliza, wa tatu kutoka mwisho," alisema. "Nikafurahi. Nikapiga simu niombe radhi, laini ikawa haipatikani. Nikasema, kumbe alikasirika kiasi hicho."

Chupa alishika ukingo wa kaunta. "Namba niliibandua kabla ya kukuletea. Ile ilikuwa barua."

Mashine nyuma yao ilikuwa inazunguka, vifungo vikigonga kioo.

"Mdomo wangu mzito, unaujua. Nikaandika, nikaitia mfukoni nikijua unapekua kila mfuko. Niliandika kwamba nataka tuoane, na kwamba nikija kuchukua nguo uniambie neno lolote, hata kuniuliza saa ngapi, nitajua umekubali. Ukinyamaza, sitakusumbua tena. Ukanyamaza. Nikaitupa laini."

Dobi alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Aliumia, na hakuficha. Alimwambia kwamba mama yake alifariki mwaka uliopita akiwa bado anamuulizia yule kijana wa Jumapili, na kwamba baada ya msiba alilihamishia duka huku nyuma ya soko. Akamwambia pia kuhusu mfamasia, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyeleta maneno ya posa kwa mjomba, na mjomba anataka jibu kesho.

"Ni mtu mzuri?" Chupa aliuliza.

"Ni mtu mzuri sana. Ndiyo shida."

Hakumbembeleza. Alisema haya ni mashindano yake ya mwisho, kwamba kivuko kinaondoka kesho alfajiri, na kwamba atakuja kuchukua nguo saa kumi. Kisha akaenda kuungana na wenzake, maana hata siku ya mapumziko miguu haiachwi ilale. Walizunguka kisiwa polepole kwa saa moja, na nahodha akamuuliza mara mbili kama anaumwa.

Saa kumi alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Dobi aliwaita wengine mmoja mmoja, akawapa nguo zao. Ilipofika zamu yake akaweka kifurushi kwenye kaunta, kichwa chini, kama siku ile. Chupa alikitazama kifurushi. Akangoja. Alihesabu pumzi zake kama anavyofanya mlimani, akafika kumi, hapakuwa na neno, na polepole akanyoosha mkono kukichukua.

"Soksi hazijakauka," dobi alisema. "Kaa ungoje."

Chupa alikaa kwenye benchi. Alifunika uso kwa viganja. Dobi alichukua simu, akasimama pale pale mbele yake ili asikie kila kitu.

"Shikamoo, mjomba. Yule bwana wa dawa, mwambie nimemshukuru sana. Lakini hapana. Ndiyo, nina hakika. Kuna mtu hapa dukani, nitakueleza jioni."

Akakata simu, akamletea maji, akakaa kando yake kwenye benchi. Soksi zilikuwa chini ya kaunta, zimekunjwa, kavu tangu saa saba.