Shemeji wa Nansio

"Karibu tena, shemeji! Leo mmekuja kundi zima?"

Mama Getruda, mwenye nyumba ya wageni pale Nansio, alimshika Luhende mkono kwa furaha, kisha akamkumbatia Odeta.

Prudencia alikuwa nyuma yao, begi begani. Luhende ni mchumba wake, harusi mwezi ujao. Odeta ni rafiki yake tangu chuoni, wanapanga nyumba moja Mkolani, na ndiye matroni wa harusi hiyo. Safari aliiandaa Prudencia mwenyewe kwa kundi la marafiki zao: Ijumaa wakatembelea makumbusho ya Bujora, leo wakavuka kuja Ukerewe. Luhende aliapa kwamba hajawahi kukanyaga kisiwa hiki.

"Umenifananisha, mama," Luhende alisema haraka.

"Nikufananishe? Si mlilala hapa Pasaka? Huyu mwenzio alikuwa anatapika kila asubuhi, nikampikia uji wa ulezi." Akamgeukia Odeta. "Vipi mwanangu, tumbo limetulia?"

Odeta akainamisha kichwa, akavuta mtandio kufunika tumbo.

Kundi zima likamgeukia Luhende.

"Luhende," Prudencia aliita taratibu. "Pasaka si ulikuwa Shinyanga, unamzika mjomba?"

"Mpenzi, twende pembeni tuzungumze."

"Zungumza hapa hapa. Mjomba amekufa au hajafa?"

Luhende alitazama viatu vyake.

"Hajafa," alijibu kwa sauti ndogo.

"Nilimwombea misa! Padri ametaja jina lake kanisani, nami nimepiga magoti nalia, kumbe namlilia mtu mzima wa afya!"

"Shetani alinipitia, Prudencia."

"Shetani ndiye aliyekata tiketi ya kivuko?"

Odeta akaanza kulia.

"Nisamehe dada. Nilitaka kukwambia, nikashindwa."

"Ulishindwa lini, Odeta? Juzi uliponishikia kioo najaribu gauni? Mimba ni yake?"

Odeta aliitikia kwa kichwa.

Mama Getruda alijishika mdomo. "Jamani, mimi nilijua huyu ndiye mkewe!"

"Hukukosea, mama," Prudencia alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Prudencia akatoka nje, akampigia simu mama yake aliyeko Muleba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Akamweleza yote.

"Mama, na mahari walishaleta..."

"Waje wachukue mbuzi wao. Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa aibu ya kufichwa. Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza."

Luhende alimkuta anaandika kwenye simu.

"Unamwandikia nani?"

"Kundi la kamati ya harusi."

"Usifanye hivyo! Unatuaibisha, wazee wangu wamo humo!"

Alishachelewa. Ujumbe ulikuwa umefika: *"Ndugu wanakamati, asanteni kwa kujitoa. Harusi yangu na Luhende haipo. Sababu muulizeni yeye, mjomba wake wa Shinyanga ni mzima na anasalimia."*

Mchana huo Luhende na Odeta walirudi na kivuko. Nathaniel, mmoja wa marafiki wa safari, akamsogelea Prudencia kwa woga.

"Dada, na sisi tuahirishe?"

"Kwa nini? Nilikuja kuona kisiwa. Twendeni kilima cha Handebezyo."

Wakaenda. Alipanda mawe yale bila kushikwa mkono. Juu kabisa, ziwa lilipotandaa pande zote, akasimama kulitazama. Akakaa chini, akalia kwa sauti kama mfiwa. Nice, mke wa Nathaniel, akakaa kando yake, akamshika mabega.

Walipokuwa wanateremka, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa Odeta.

*"Dada, tangu tupande kivuko amekaa mbali nami. Nikimsogelea anahama. Nifanyeje?"*

Prudencia aliusoma, akausoma tena. Miaka yote hiyo hakuna swali la Odeta ambalo aliwahi kukosa jibu lake.

Akaizima simu, akawafuata wenzake.