Bomba Fupi, Bomba Refu

Ukimkuta mwanamke anapima bomba la ekzosi kwa futi ya kushonea, katikati ya duka la vipuri lililofurika watu, utacheka. Fundi wa magari alicheka.

"Dada, unalishonea gari suruali?"

"Nalishonea," alijibu bila kugeuka. "Na wewe ukiendelea, nitakushona mdomo."

Basi Fundi kwisha habari yake. Gauni la kijani lililomkaa sawasawa, futi shingoni, ulimi wenye makali! Alikuwa mshonaji wa suti, na gari lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelifungia kwa mikono yake supachaja, ile mashine ya kuisukumia injini hewa. Sasa mabomba ya kutolea moshi kwenye injini yalikuwa yamepasuka. Fundi akamweleza: yako mafupi, yanakaa palepale pa zamani, yako marefu, yanaipa injini pumzi zaidi, ila lazima bodi ikatwe ubavuni, karibu na tairi.

"Weka mafupi," alisema Mshonaji. "Ile bodi baba aliinyoosha mwenyewe. Isiguswe."

Fundi akaitikia. Gari likalala gereji, mapenzi yakaamka. Kila mchana Mshonaji alipiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, na Fundi akamuuliza mgonjwa yupi, maana hata yeye alikuwa hoi. Fundi alipompeleka Mshonaji kwa mama yake, mama alimvuta mwanawe pembeni akamwambia huyu usimchezee, mwanangu.

Lakini mapenzi nayo yana kiherehere. Kila alipoitazama injini ile, Fundi aliihurumia. Kuifungia mabomba mafupi aliona ni kumvika mwanariadha viatu vya mtoto. Akajiambia atamshangaza mpenzi wake. Akanunua marefu, akawasha msumeno.

Siku ya kulichukua, gari liliunguruma vizuri ajabu. Mshonaji alitabasamu, akainama, akauona ubavu. Akapitisha kidole kwenye ukingo mpya wa chuma, na tabasamu likamtoka.

"Sasa lina nguvu, laazizi," Fundi alisema. "Hata baba angelipenda."

Loo, bora angenyamaza.

"Baba humjui. Mimi siingizi mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla sijamuuliza. Wewe uliniuliza, nikakujibu, halafu ukakata."

Akaondoka na gari lake. Fundi alipiga simu asubuhi na jioni, haikupokelewa. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu hakungoja hata wazazi wake wazaliwe. Fundi alishika spana akaiweka chini, akajiita mjinga kwa sauti, mbele ya wateja.

Mwishowe simu ikapokelewa. Fundi aliomba radhi bila kujitetea, akasema atatafuta bati na kuurudisha ule ubavu kama zamani. Mshonaji alisema alishamsamehe, na anampenda bado, ndiyo maana inamuuma. Ila kila akimfikiria kuwa mume, anamwona mtu atakayemwitikia ndiyo, kisha afanye lake.

Fundi alitaka kumwambia anakuja sasa hivi, wakae, wayamalize. Akajizuia.

"Unataka nifanye nini, mpenzi?"

Cherehani iliyokuwa ikilia upande wa pili ikasimama.

"Usinipigie tena."

Fundi alikuwa na hoja tele, na kila moja aliiona nzuri.

"Sawa," alisema, na safari hii akafanya alivyoambiwa.