Tereza Ana Wiki Sita

— Tereza ni nani?

Elias alikuwa anakula ugali na sato mezani kwa mama yangu, mtaani kwetu Pasiansi. Tonge likasimama njiani. Nikamgeuzia simu yake asome mwenyewe, kana kwamba mimi sikuwa nimeshausoma ule ujumbe mara nane kule jikoni.

"Tereza ana wiki sita leo. Anaendelea vizuri sana. Ijumaa njoo Nansio umuone. Tafadhali, isijulikane mpaka tusaini. Dkt. Evelina."

— Umeshika simu yangu, Paskazia?

— Tereza ni nani?

— Ni mambo ya kazi.

— Kazi ina wiki sita?

Akanawa mikono, samaki kabakia nusu. Akasema hawezi kueleza, maana alishasaini karatasi ya kutunza siri, na wakubwa wao watasaini Ijumaa. Jamani. Mtu akikwambia amesaini kwa siri, ujue kaenda bomani kufunga ndoa ya serikali. Na ukiweka wiki sita hapo, ukaweka na daktari, hata mtoto wa chekechea atakuambia hiyo ni nini.

Elias alikuwa bwana shamba wa kampuni inayozalisha mbegu za muhogo kule Buhongwa. Miezi yote ya uchumba wetu alikuwa akinisimulia kuhusu kampuni nyingine ya maabara, watu wa bioteknolojia, wanaotaka kushirikiana nao kwenye utafiti. Mimi nilikuwa naitikia tu huku nashona. Kumbe utafiti wenyewe una jina la kike. Harusi yetu nayo ilibakiza wiki sita, ng'ombe wa mahari walishapokelewa, gauni nilishajikatia mwenyewe kwa cherehani yangu. Nina wivu tangu nizaliwe, sikatai, lakini safari hii nilikuwa na ushahidi.

Ijumaa asubuhi nikapanda meli ileile aliyopanda kwenda kisiwani, nimejitanda kitenge mpaka puani. Nansio nikachukua bodaboda, nikamwambia dereva asiiache gari nyeupe iliyompokea Elias. Ikasimama kwenye shamba la muhogo. Elias akashuka, na mabwana wanne wenye viatu visivyojua tope, na dada mmoja mwenye koti jeupe. Nikajua huyo ndiye daktari. Moyo ulikuwa unaniwaka, maneno niliyoyapanga njiani yote yakanitoka mdomoni.

— Mtoeni Tereza, nikasema. Mimi ndiye mchumba wa huyu. Nataka nimwone yeye na mimba yake.

Elias akavua kofia, akaivaa tena. Bwana mmoja wa maabara akafungua faili, akauliza Tereza ndiye nani, maana kwenye mkataba haoni mtu wa jina hilo, anaona mbegu namba thelathini na moja tu.

Bibi mmoja aliyekuwa ameinama kwenye matuta akanyooka, jembe mkononi.

— Tereza ni mimi.

Magoti yangu yakashuka yenyewe.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Hiyo mimba umesema ni ya nani?

Alikuwa amepita miaka sabini. Mabwana wakaanza kukohoa. Bibi akanieleza polepole: kwao kisiwani mbegu ya muhogo hubeba jina la aliyeileta. Yeye aliolewa pale akiwa na mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani, na tangu hapo kijiji kizima kinapanda "Tereza". Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulipoozesha mihogo ya wenzake, wa kwake ulisimama. Watu wa maabara wakaipanda katikati ya mihogo migonjwa kuijaribu, sasa wiki sita, haina hata doa.

Aibu ilinipata, lakini mdomo wangu haujui aibu. Nikamgeukia daktari.

— Muhogo *unaendelea* vizuri. Mtu ndiye anaendelea. Ungeandika hivyo, mimi ningekuwa Pasiansi nashona.

Dkt. Evelina akaomba radhi, akasema wamemzoea kama mtu. Bibi hakucheka. Alikuwa anaangalia faili.

— Kwa hiyo mimi huko ndani ni thelathini na moja? Hata huyu mwenye wivu analijua jina langu.

Akakataa kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuwaruhusu waitumie mbegu yake. Siku hiyo hapakusainiwa kitu. Wakubwa wakasema watarudi na karatasi yenye jina lake, na bosi wa Elias akamwambia Jumatatu afike ofisini.

Kwenye meli ya kurudi Elias alikaa mbali nami. Nilimfuata.

— Watakufukuza?

— Sijui.

— Na mimi? Unanifukuza?

Akainuka, akaenda kusimama kwenye vyuma vya pembeni. Nikabaki na kitenge changu, najiona nimeshika gauni lisilo na harusi. Nilimpenda yule mtu, na nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wanaompa mkate wake. Nikalia bila kujificha. Simu yangu ikatoa mlio.

"Paskazia amebakiza wiki sita awe mke wangu. Anaendelea vizuri. Wivu haujapona, ila hauambukizi. Hii haina siri, waweza kuwaambia wote."

Nikausoma mara nane. Kisha nikaenda kusimama naye, bega kwa bega, na simu yake ilipoita, mimi nikaangalia ziwa.