Ufunguo wa Mahabusu

Saa mbili asubuhi koplo wa zamu alinyoosha mkono kuchukua ufunguo wa mahabusu, akashika msumari mtupu.

Akapapasa ukuta. Akapapasa sakafu. Saa tatu kamanda angekuja kukagua kituo, na ufunguo ule ulikuwa dhamana yake. Tepe za ukoplo, alizozivaa juzi tu, zikaanza kumwasha begani.

"Nani aliushika mwisho?"

"Mimi," alisema sajenti. "Nilimpelekea yule kinyozi tuliyemfungia maji, simu ikalia, nikakimbia. Na usinitolee macho, binti. Nilikuwa polisi wewe ukinyonya!"

Mifuko ya sajenti ilitoa karanga na kitana, ingawa kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Mpishi wa kituo alifunua sufuria kwa hasira. "Tafuta humo! Nikiiba chuma nitakiunga na nini?"

Alibaki mahabusu mmoja, kinyozi. Alikuwa amemnyoa shemeji yake nusu kichwa asubuhi ya harusi ya huyo shemeji, wakagombana, akazima mashine. Shemeji alishafuta malalamiko. Kinyozi alikuwa aachiwe asubuhi hiyo hiyo. Mkewe aliketi kwenye benchi la mapokezi tangu alfajiri, mkoba mapajani, kimya.

"Umeuona ufunguo?"

"Mimi, afande? Mimi si ndiye ninayefungiwa?"

Alisogea kwenye nondo akichechemea. Kiatu kimoja alikiacha kaunta, kama ilivyo sheria ya kituo. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, baridi kama barafu.

Koplo alipekua kabati, pipa la taka, hata kofia ya sajenti. Saa tatu kasorobo macho yake yakatua kwenye kile kiatu cha kaunta. Akaganda. Mwenye kiatu kimoja huuhurumia mguu mtupu. Kinyozi alikuwa akiuhurumia ule uliovaa.

Akarudi mbio. "Vua kiatu!"

Ufunguo ukadondoka, ukiwa na harufu yake mpya.

"Sajenti aliuacha kwenye kufuli, nikapenyeza mkono," kinyozi alinong'ona. "Shemeji amenisamehe, afande. Dada yake bado. Unamwona alivyonyamaza? Nifungulie shtaka la wizi nibaki humu. Ukikataa, namwambia kamanda ufunguo wenu ulilala wapi."

Nje gari lilipiga honi. Koplo akatazama tepe zake, kisha benchi.

"Dada, karibu. Mumeo hataki kutoka, basi ingia wewe."

Mke akaingia, akaketi, akaweka mkoba chini. Kufuli likalia *kacha*.

Kamanda alipoingia, ufunguo ulikuwa unaning'inia msumarini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke, ya taratibu kabisa: "Haya. Tuanze na kichwa cha kaka yangu."

"Afande!" kinyozi alipiga yowe. "Nitoeni! Naomba kwenda nyumbani!"

Kamanda akakunja uso. "Huyo kwa nini hajaachiwa?"

Koplo akapiga saluti. "Alikuwa hajawa tayari, afande."