Ufunguo Chini ya Kopo la Rangi

Kila akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kuvua sare, kunywa maji, kisha kwenda gereji kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Gereji yenyewe haikuwahi kuona gari. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na humo ndimo alimoshonea. Nguo zilizokwisha zilining'inia ukutani, zinazongoja zilirundikana mezani, na katikati, ikiwa imefunikwa shuka safi, ilikaa mashine mpya ya tarizi. Mama aliisubiri mashine hiyo miaka mingi. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kubana suruali za watu na kutia viraka. Sasa wateja walimjia mpaka kutoka mitaa ya mbali.

Jina la Chiriku hakupewa bure. Mtoto yule alikuwa na mdomo! Akianza kusimulia, chai inapoa na mwenye haraka anasahau alikokuwa akienda. Lakini Jumamosi hiyo alifagia kimya, akafagia tena palepale alipokwisha kufagia.

Mtaa mzima ulikuwa hauna raha. Mwalimu mstaafu, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikuwa ameibiwa pampu ya maji na baiskeli kutoka gereji yake. Kilichowatia watu hofu ni kwamba kufuli halikuvunjwa. Wezi walifungua, wakachukua, wakafunga, kama wenye nyumba. Tangu siku hiyo Mama hakutulia. Paka akiruka juu ya bati, yeye yuko dirishani.

Ndipo akamwita mdogo wake, fundi wa kuchomelea. Mjomba alifika asubuhi na mashine yake, akauzunguka mlango wa gereji, akatikisa kichwa.

"Dada, mlango huu mwizi akipiga chafya unafunguka."

"Acha utani wako. Nimekuita unisaidie, hukuja kunichekesha."

"Sitanii. Tazama bawaba hizi, pini zake ziko nje. Mtu anazigonga kwa nyundo, anautoa mlango wote, kufuli linabaki linaning'inia tu. Na lile dirisha la nyuma, hata wewe unapita."

"Hata mimi? Unaniona mnene, siyo?"

"Mimi nimesema dirisha ni pana, dada."

Akaanza kazi. Alichomelea pini za bawaba zisitoke, akaweka nondo dirishani, akafunga komeo nene kwa ndani na jipya kwa nje. Kufuli tu ndilo alilolisifu. "Hili libaki. Zito, la chuma kweli. Mengi ya siku hizi ni bati lililopakwa rangi."

Chiriku aliposikia hivyo, aliuacha ufagio. Alikwenda jikoni, akarudi. Akaenda chooni, akarudi. Akaangusha ndoo, akaiokota, akaiangusha tena.

"Wewe mtoto, umekalia siafu?" aliuliza Mjomba. "Mbona leo huongei? Nimezoea kuziba masikio nikija hapa."

"Sina kitu, Mjomba."

Alikuwa nacho. Wiki iliyopita, shuleni, aliwaambia wenzake kwamba mama yake ana mashine inayochora maua yenyewe. Wakamcheka, wakamwita mwongo. Chiriku hakuvumilia. Alimchukua Kidoti, rafiki yake wa dawati moja, waje kuona kwa macho. Kidoti akaja na binamu yake, kijana mmoja wa kofia nyekundu aliyekuwa akikaa kwao. Mama alikuwa amekwenda kununua uzi.

Amri ya Mama ilikuwa wazi: ufunguo unakaa chini ya kopo la rangi, karibu na tangi la maji, na mgeni haingii gereji kama yeye hayupo. Chiriku aliliinua kopo mbele ya macho yao. Aliwasha mashine, ua jekundu likatokea kwenye kitambaa, Kidoti akapiga makofi. Yule kijana hakulitazama ua. Alitazama mlango, dirisha na kufuli. Kisha akauliza mama hurudi saa ngapi, na usiku analala chumba gani. Na Chiriku, mdomo wake huo, akajibu yote, akaongeza na ambayo hakuulizwa.

Siku mbili baadaye aliukuta ufunguo umegeuzwa, na katikati ya meno yake kuna kitu cheupe kinachoteleza. Aliufuta kwenye sketi, akaurudisha. Hakuelewa ni nini, lakini alijua kuna mtu ameugusa. Akisema, atagombezwa kwa kuleta watu. Basi akanyamaza, akijiambia labda ni bahati mbaya tu.

Jua lilipoanza kuinama, Mjomba alimaliza. Aliupiga mlango kwa bega, nao haukutikisika. "Haya! Mwizi wa mlango huu atakaa chini alie."

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jirani aibiwe. "Leo nitalala usingizi wa kweli. Chiriku, lete ufunguo tufunge."

Chiriku aliuleta. Alimwona Mama alivyochangamka, akaziona nguo za watu ukutani.

"Mjomba, usifunge kwanza," alisema, na machozi yakamtangulia. Akaeleza yote: mashine, Kidoti, kijana wa kofia, kopo, kile kitu cheupe.

Mjomba aliuchukua ufunguo. Aliyachokonoa meno ya ufunguo kwa msumari, akatoa kipande kidogo, akakinusa.

"Sabuni," alisema, na utani wote ukamwisha. "Dada, ufunguo huu umekandamizwa kwenye kipande cha sabuni. Alama yake ikibaki, mtu anachonga mwingine kama huu. Nimefanya kazi kutwa nzima, na mwizi ana ufunguo mfukoni!"

Mama alikaa kwenye kigoda. "Nguo za watu, mwanangu," alisema. "Za watu! Ningewaambia nini?" Kisha akagomba, akagomba sana, na Chiriku akalia kwa kwikwi.

Mjomba hakungoja mwisho wa ugomvi huo. Alikimbia duka la vifaa vya ujenzi kabla halijafungwa, akarudi na kufuli jipya, zito kama la kwanza. Ufunguo mmoja Mama aliufunga kwenye kamba akauvaa shingoni, mwingine ukaondoka na Mjomba. Kopo la rangi likatupwa jalalani.

Asubuhi iliyofuata Mama ndiye aliyefika gereji kwanza. Chiriku alisikia sauti yake, akatoka mbio. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye tundu la kufuli jipya kilikwama kipande cha ufunguo mpya unaong'aa, kimekatikia humo. Mtu alikuja usiku, akalazimisha, akashindwa.

Mjomba ilibidi alikate kufuli alilolinunua jana yake, huku akinung'unika kwamba wezi wengine hawana hata adabu. Lakini ndani kila kitu kilikuwa mahali pake. Polisi walipoitwa walimsikiliza Chiriku kwa makini, na kabla ya jioni walimkamata kijana wa kofia nyekundu, pampu ya mwalimu ikiwa chini ya kitanda chake. Shangazi yake, mama wa Kidoti, alilia kwa aibu.

Walipobaki wawili, Mama alimwita Chiriku karibu na mashine.

"Nilikukataza kuleta watu, ukaleta. Ukaona jambo, ukalificha. Kwa hayo, mwezi huu kila jioni utanisaidia kukaza vifungo, na hakuna kwenda kucheza. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sasa sikiliza na hili. Chuma chote alichochomelea mjomba wako kisingetufaa kama jana ungenyamaza. Ukikosea, njoo uniambie siku ileile. Nitagomba, ndiyo, unanijua. Lakini kelele zangu zinakwisha. Mashine hii ingekwenda, isingerudi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akachukua ufagio. Alifagia kimya mpaka Mama akachoka kungoja.

"Haya, ongea basi. Huko shule kuna nini?"

Na Chiriku akaanza kusimulia.