Mwambie Aniachie

Haya yalimpata Clotilda, rafiki wa dada yangu, mwaka ule sabuni ilipoadimika. Jioni moja alitoka kwenye foleni ya duka la ushirika Kariakoo na mche wake mmoja wa sabuni, akielekea nyumbani kwake mtaa wa Gerezani. Tangu wezi wamuue mwanawe Tarsis, alikuwa hakanyagi tena kanisani. Akisikia mtu anasema Mungu huwalinda walio wake, alikuwa anamtukana Mungu huyo waziwazi.

Alipofika katikati ya ujia wa maghala, umeme ukakatika. Gizani akasikia viatu vikimkimbilia kwa nyuma, kisha vikasimama ghafla, karibu kabisa na shingo yake.

"Mama, nisamehe," sauti ya kiume ikalia. "Mwambie aniachie mkono."

"Nani? Mimi niko peke yangu!"

Akawasha kiberiti. Mwanamume alikuwa ameinua kisu, mkono umekwama hewani, na hakuna aliyeushika.

Clotilda hakushukuru. Hasira zilimpanda, akainua uso mbinguni, akapiga kelele: "Kumbe unaweza! Siku ya Tarsis wangu ulikuwa wapi?"

Njiti ikazimika. Katika giza lile, polepole, kama mtu anayevunja kuni mbichi, mfupa wa mkono ule ulianza kulia ukivunjika.