Kikompyuta Kitupu

Kila asubuhi ya likizo, mama akiingia bafuni, binti yake wa miaka kumi na miwili alipata dakika kumi za ufalme. Mtaani walimwita Cherehani, kwa kuwa mdomo wake ukianza kushona hausimami hata kitambaa kikiisha. Mama alikuwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Katika kikompyuta chake cha mkononi, kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, aliandika kila mgonjwa, dawa yake na siku ya sindano yake. Zama hizo simu zilikuwa bado hazijajifunza kufanya kila kitu.

Cherehani alikuwa na shughuli nyingine nacho. Alichomeka waya wa simu ya mezani, akashika kalamu ya plastiki, akaingia kwa jina la mama kwenye programu ya kutumiana ujumbe, ili amchokoze karani wa zahanati. Juzi alimwandikia kwamba daktari mkuu anakuja kukagua kucha. Karani alikata kucha mpaka vidole vikafupika, halafu akadeki korido mara mbili.

Siku hiyo kikompyuta kilionya kwamba betri zinakwisha. "Subiri kidogo," alikiambia, kama anayembembeleza mbuzi. Hakikusubiri. Kioo kikazima. Akatoa betri, akakimbilia droo kutafuta nyingine. Kumbe mashine zile zikikaa dakika chache bila betri husahau mpaka jina la mwenyewe. Alipotia mpya, kikompyuta kiliamka kama mtoto aliyezaliwa jana, kikauliza leo ni tarehe ngapi. Wagonjwa mia mbili na tatu, hakubaki hata mmoja.

"We Cherehani, nitilie kikompyuta mkobani," mama akaita. "Nampitia mzee mwenye kidonda, kisha moja kwa moja kazini."

"Ndiyo, mama." Akakitia. Baada ya muda mlango ukafungwa, mama huyo.

Cherehani akatoka mbio hadi kwa fundi redio, mtaa wa pili, mbio ambazo kivuli chake kilifika baada yake. Akamweleza huku anahema.

"Kompyuta ya zahanati si ina nakala?" fundi akauliza.

"Ndiyo. Mama hukiweka kwenye kikiti chenye waya, anabonyeza kitufe, vinaambizana."

"Basi wagonjwa wako salama huko." Cherehani akaanza kupumua. "Usifurahi. Kompyuta ile niliifunga mimi, nikaipanga ifuate kikompyuta. Kikiwa na majina, nayo inaandika majina. Kikiwa kitupu, nayo inajifuta. Mama yako hubonyeza saa ngapi?"

"Akifika tu. Hata kabla ya kuketi."

Fundi akapiga simu zahanati. Laini imeshikwa. Akapiga tena. Imeshikwa. Karani alikuwa kwenye mtandao, na mtandao ulikula laini ile ile moja. Kwa miguu hadi zahanati ilikuwa saa nzima, na nyumba ya mzee mwenye kidonda Cherehani hakuijua. Dukani kwa fundi umeme ulikuwa umekatika, kompyuta zimekaa kama mawe. Kilichobaki ni kikompyuta cha fundi mwenyewe.

"Mwandikie," akasema.

Cherehani akaingia kwa jina la mama kama alivyozoea. Ilibidi achore herufi moja moja, na aliharakisha hata mashine ikakataa kusoma mwandiko wake. Akafuta, akarudia.

"Kikompyuta kisiwekwe kwenye kikiti."

Karani akajibu: "Nesi, leo daktari mkuu anakagua viti? Kucha bado zinaniuma."

"Si utani. Majina ya wagonjwa yatafutika."

"Leo sinasi, dada yangu."

Kalamu ikamponyoka. Machozi yakadondokea kioo. "Haniamini."

"Atakuamini vipi?" fundi akasema. "Anadhani anazungumza na mama yako, na mama yako wa humo ndani ni mwongo. Aliyemfanya mwongo ni wewe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini. Mzee mwenye kidonda angekuwa ameshafungwa bandeji. Cherehani akaokota kalamu.

"Mimi si nesi. Ni binti yake. Kucha ni mimi. Wiki nzima ni mimi. Leo nimefuta wagonjwa wote, nikanyamaza."

Akatuma, akakodolea kioo. Akamkumbuka bibi wa kisukari asiyejua kusoma, na mtoto wa kifua ambaye vidonge vyake vilibadilishwa juzi tu. Nani angejua sasa dawa zao?

Kisha maneno yakatokea: "Nimeng'oa waya wa kikiti. Mama yako amesimama hapa, ananiuliza nimepatwa na nini. Nimweleze mimi, au utamweleza mwenyewe?"

"Mwenyewe," aliandika. Mashine ikasoma mara moja.

Adhuhuri fundi alikwenda zahanati, akairudisha nakala kwenye kikompyuta. Kilichopotea ni kazi ya jana tu, nyumba kumi na moja. Alasiri Cherehani alibeba mkoba wa mama, wakazipita zote. Kila mlangoni alisema mwenyewe alichofanya, na mama akaandika upya. Wengine walicheka. Bibi wa kisukari hakucheka.

Walipotoka nyumba ya mwisho, mama akasimama.

"Betri huisha, mwanangu. Kilichonitisha ni ile 'ndiyo, mama' yako. Kosa ukilisema likiwa bichi lina dawa. Ukilitia mkobani ukanyamaza, umenipa mimi nilibebe mpaka kwa wagonjwa, nami sijui nimebeba nini."

"Nimeelewa, mama. Na karani?"

"Kucha zake huwezi kumrudishia. Kesho utamdekia korido. Mara mbili."